Mzee Wetu Ananyonya

Mwanangu wa kiume ana mtoto wa miaka thelathini na sita. Baba hana. Msinishangae, nitawaeleza, na nikimaliza mtaniambia kama nilikosea kupiga kelele ndani ya nyumba ya watu, ugenini.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alifariki nikiwa na mimba ya miezi mitano. Alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na sina baya la kusema juu yake. Nikiugua alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mtoto alipozaliwa akapewa jina la babu yake, na mimi mwenyewe ndiye niliyesema apewe. Sikujua najitafutia balaa. Jina la baba mzazi halitamkwi ovyo, sawa, hilo nalielewa. Watu wengi humwita mtoto wa aina hiyo "Mzee", wakacheka, maisha yakaendelea. Mama mkwe naye akija humbeba na kumwita "mume wangu", anamuuliza mbona wiki hii hakuacha matumizi, na tunacheka wote. Huo ni utani wa bibi na mjukuu. Mume wangu yeye hatanii.

Kila asubuhi husimama mlangoni mwa chumba, mikono mbele, akasema, "Shikamoo, Mzee." Kisha anasubiri. Mtoto akicheua, basi ndiyo marahaba yenyewe, na baba mtu anakwenda kazini roho yake kwatu. Mtoto akilia anamuuliza, "Mzee, tumekukosea nini?" Hamrushi juu, hamtekenyi, hajifichi nyuma ya pazia akamchekesha. Hampakati, eti mtu hampakati baba yake. Na nepi! Hapo ndipo damu inaponichemka. Mimi nasuka nywele, saluni yangu iko chumba cha mbele cha nyumba. Siku moja nilikuwa na mteja, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima, nikamwita mume wangu, nikamwambia hebu mbadilishe mtoto. Alinitazama kama nimemtukana. Akasema polepole, "Mke wangu, nitamvuaje baba yangu nguo?"

Mteja alicheka mpaka akashika kioo. Mimi sikucheka.

Wahenga walisema mtoto akinyea kiganja, kiganja hakikatwi. Kiganja cha mume wangu kilikuwa hakijawahi hata kunyewa.

Sasa, hii safari. Marehemu alikuwa na hamu moja tu duniani. Alimaliza maisha yake kichwa kikiwa ndani ya mafriji, akigandisha barafu za watu, na alitaka kabla hajafa aione ile ambayo haina mwenyewe. Theluji aliiita "barafu isiyo na umeme". Alikuwa akisema, "Haina gesi, haina kompresa, haiiti fundi. Nataka niione kwa macho yangu." Mume wangu alimwahidi atampeleka ng'ambo akaione. Mwaka huu, mwakani, mwaka ule, mpaka kifo kikawatangulia. Kwa hiyo aliposema twende sisi, tuchukue likizo na watoto tukaione theluji, sikupinga hata kidogo. Nilifurahi. Niliwaza kwamba huko mbali na karakana aliyoachiwa na baba yake, mbali na kigoda cha marehemu ambacho hakuna fundi anayethubutu kukikalia, labda mwanamume huyu atamtazama mtoto wake amwone. Hilo ndilo nililolitaka kwenye likizo ile. Theluji yao wangebaki nayo.

Tiketi za ndege nilikata mimi, pasi za watu wote zikiwa mkononi, na hazikuwa na kasoro. Malazi na gari la kutupokea alishughulikia mume wangu na rafiki yake, wakala wa safari, tunayemwita Bwana Usijali kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Maji ya moto yapo? Usijali. Kitanda cha mtoto je? Shemeji, usijali. Ningekuwa na akili ningeanza kujali palepale.

Kwenye ndege nilimpakata mtoto mwanzo mwisho. Mume wangu aliziba kwa gazeti ule upepo wa tundu la juu ya kiti ili usimpige Mzee, akaniomba nimgeuze Mzee aone mawingu, kisha gazeti hilohilo akalisoma. Binti yetu wa miaka mitano, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, aliwatangazia abiria wa mbele na wa nyuma kwamba tunakwenda kuona barafu na kwamba Mzee amejamba. Watu wote wakamgeukia mume wangu. Hapo nilicheka, nakiri.

Tulipotoka uwanjani, dereva alikuwa amesimama na kibao chenye jina la mume wangu, na mbele yake kiti cha magurudumu, kizuri, kina blanketi lililokunjwa. Nikasema, jamani, wenzetu wanawajali kina mama. Nikatua begi langu juu ya kiti, nikashusha pumzi. Dereva akaliinua begi taratibu, akaliweka chini. Akachungulia nyuma yangu. Akachungulia nyuma ya mume wangu. Lugha yake hatuijui na yetu haijui, kwa hiyo akatuhesabu kwa kidole: baba, mama, mtoto wa kike. Kisha akaonyesha pale pasipokuwa na mtu, akainua nyusi. Nikamgeuzia mgongo aone mtoto ndani ya mbeleko, chini ya koti. Akatikisa kichwa. Akainama, akaigiza mtu anayetembea na mkongojo.

"Huyu anatutania," nikamwambia mume wangu.

Alikuwa anakitazama kile kiti. Alishika mpini, akakisukuma mbele kidogo, akakirudisha nyuma kidogo, kama anayesikiliza magurudumu yanataka mafuta au la. Nikadhani ni ufundi wake tu.

Dereva alitupeleka hivyohivyo, kila mara akitutazama kwenye kioo. Nyumba ya wageni ilikuwa kwenye mtaa wa mteremko, na baridi ya huko, lo, inakung'ata masikio kama ina kisasi nawe. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, aproni kiunoni, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Alitupokea kwa tabasamu, na moja kwa moja akatupeleka kutuonyesha chumba cha chini, kwa fahari kabisa. Nikaingia, nikatua begi kubwa. Vyuma vya kushikia vilikuwa ukutani kuanzia kitandani mpaka mlango wa bafu. Bafuni kuna kiti cha plastiki chini ya bomba la kuogea. Choo kimeinuliwa. Kando ya mto pana kengele ya kuita mtu. Na kwenye dirisha kuna kiti kikubwa cha kuegemea, kimegeuzwa kitazame nje. Nikatafuta kitanda cha mtoto mpaka uvunguni. Hakikuwepo.

Mwenye nyumba naye alikuwa anatafuta. Alituhesabu kama dereva alivyotuhesabu, tabasamu likaanza kuchuja. Akatoa simu mfukoni mwa aproni, akaiambia maneno, na simu ikasema nasi kwa sauti ya mwanamume, Kiswahili cha mashine, kinachochechemea:

"Karibuni nyumbani. Mtu mzee wapi yupo?"

"Mzee gani?" nikauliza.

Sasa, mtoto wangu Redio hapitwi na simu. Kabla sijavuta pumzi alikuwa ameikumbatia kwa mikono miwili, mdomo umegusa kioo.

"Mzee amelala," akaiambia. "Mama amemfunga kwa kitambaa. Akiamka analia. Meno hana. Kwenye ndege alijinyea, mama akamfokea. Baba hataki kumwosha."

Simu ikayachukua yale yote, ikamtapikia mwenye nyumba kwa lugha yake. Nilimwona yule mama rangi ikimtoka. Akavaa miwani. Simu ikauliza:

"Kwa nini mmefunga mtu mzee? Chakula anapata?"

"Uji anautema," akasema Redio. "Ananyonya tu. Ila babu tulimfukia kwenye shimo. Watu wengi walikuja, tukala."

"Redio!" nikapiga kelele, nikamnyang'anya simu, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Mwenye nyumba alitusukuma nje ya chumba, upole wote umekwisha, akafunga mlango, ufunguo akautumbukiza ndani ya aproni. Akamwita dereva, akampa maagizo ya haraka, na dereva akatoka mbio na kile kiti cha magurudumu. Anarudi uwanja wa ndege, kumbe, kumtafuta mzee tuliyemtelekeza! Kisha akatuonyesha benchi la mapokezi tukae, na simu yake ikatangaza:

"Chumba ni kwa mtu mzee. Bila mtu mzee, hapana ufunguo. Labda polisi anauliza."

Polisi! Mimi, mama wa watoto wawili, niliyejinyima mwaka mzima nije kutazama barafu, naitiwa polisi kwa kumtupa mzee nisiye naye! Nilisimama, nikashika kiuno, nikamwambia yule mama kila kitu nilichonacho moyoni, kwa Kiswahili, na mashine yake ikashindwa kunifuata, ikanyamaza. Bora ilinyamaza. Mtoto akaamka mgongoni, akaanza kulia, na nilihisi joto likishuka mpaka kiunoni, nikajua nepi imejaa na imepita. Na nepi zote zilikuwa kwenye begi kubwa, na begi kubwa limefungiwa chumbani.

"Fanya kitu basi!" nikamwambia mume wangu.

Alikuwa amekaa kwenye benchi, viwiko magotini. "Ngoja dereva arudi," akasema.

"Arudi na nani?"

Basi nikatoa simu yangu, nikampigia Bwana Usijali, nikamweka kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie ninavyomnyoa bila maji.

"Shemeji! Mmefika salama? Mzee amefurahi?"

"Mzee gani wewe?" nikafoka. "Umetukodishia chumba cha nani? Nina mtoto wa miezi minane, umempa choo cha kushikilia ukutani na kengele! Kitanda chake kiko wapi? Kazi gani hii unayoifanya?"

"Shemeji, usijali..."

"Nitajali! Leo nitajali mpaka ukome!"

Akameza mate, nilimsikia. Kisha naye akapandisha. "Shemeji, na mimi usinionee. Mimi nimefanya nilichoambiwa. Mumeo mwenyewe ndiye aliyesema."

"Alikwambia Mzee. Mtoto wetu anaitwa Mzee, nyumba nzima inajua! Wewe ukishasikia 'Mzee' unakimbilia mkongojo? Hukuuliza?"

"Nilidhani ni mzee wa upande wako. Mzee wake nilikuja kumzika, shemeji, nilibeba jeneza. Sasa ningemuulizaje, 'Mzee yupi, wako si tulishamzika?' Ningeanzia wapi? Ngoja, sauti yake bado ninayo. Nakutumia uisikilize mwenyewe, halafu unirudie na matusi yako."

Akakata. Simu ikalia, ujumbe wa sauti umeingia. Nikasema afadhali, sasa tutaona nani mwongo. Mume wangu akanyanyua kichwa.

"Usiifungue," akasema.

"Kwa nini nisiifungue? Anasema namwonea."

"Mama Redio, nakuomba."

Nikaifungua.

Ilikuwa sauti yake kweli. Nyuma yake kompresa inaunguruma na mtu anagonga bomba, kwa hiyo alikuwa karakana. Na sauti yenyewe ilikuwa changamfu, sauti ambayo sijaisikia nyumbani kwangu mwaka mzima.

"Sasa sikia ndugu yangu, tuko wanne. Mimi, mke wangu, binti yetu na Mzee. Mzee umpe chumba cha chini, ana miaka sabini na mbili yule, na miguu inamuuma, ngazi haziwezi. Bafuni kuwe na kitu cha kushika. Halafu nitafutie dirisha linalotazama mlima, maana hatatembea sana, atakaa hapohapo aitazame barafu yake. Na uwanjani wampokee na kiti. Ila usimwambie mapema, atakataa."

Ikaishia hapo. Mlio wa kompresa nao ukakatika.

Mwenye nyumba hakuelewa neno, lakini alitoa mkono kwenye aproni, akautua mezani. Mtoto aliendelea kulia mgongoni kwangu.

Nitasema ukweli. Moyo ulinivunjika. Lakini mimi moyo ukivunjika hautoki machozi, unatoka maneno.

"Wanne," nikasema. "Hebu hesabu tena. Wewe, mimi, Redio, na baba yako. Na huyu? Huyu niliyembeba, aliyenitoa jasho, ambaye hivi sasa ananilowesha mgongo, yuko wapi kwenye hesabu yako? Marehemu umemkodishia chumba chenye dirisha. Mwanangu hana hata godoro!"

"Nilikuwa naongea tu," akasema, macho sakafuni. "Nilisema 'na Mzee', halafu mengine yakaja yenyewe. Nilikuwa namwona, Mama Redio. Amekaa kwenye kigoda chake, ananisikiliza. Sikutaka kumkatisha."

"Hukusema kitu. Mwezi mzima hukusema kitu."

"Ningesema nini? Kwamba nimemkatia baba safari?"

"Baba yako amekufa," nikasema, na sikusema kwa upole, kwa sababu upole nilishaujaribu mwaka mzima. "Tulimzika wote. Nililia mpaka sauti ikakauka, usinifanye mimi ndiye mwenye roho mbaya. Lakini huyu hapa miguu yake haiumwi, haijasimama hata siku moja! Huyu hahitaji shikamoo. Bibi wa kumwita 'mume wangu' anaye, dada wa kumtangaza anaye, kila mtu anaye, isipokuwa baba. Kwa sababu baba yake ana kazi ya kuwa mtoto!"

Akafunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kumtikisika. Sijawahi kumwona akilia, hata makaburini hakulia. Alikuwa akihangaika na maturubai, viti, sufuria za watu. Kila mtu akamsifu kwamba ni mwanamume. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na sisi tulikuwa tumemsaidia kuyaficha.

Mwenye nyumba akaja, akachuchumaa mbele yake, akaishika simu yake katikati yao. Hakuwa mkali tena. Mashine ikauliza, kwa sauti ileile isiyojua msiba wala harusi:

"Mtu mzee wapi yupo?"

Nilitaka kujibu mimi, kama kawaida yangu. Nikauma ulimi. "Jibu wewe," nikamwambia mume wangu. "Ni wako."

Akafuta uso kwa kiganja. "Mzee ni baba yangu," akaiambia simu. "Alifariki mwaka jana. Hakufika huku."

Mashine ikamwambia yule mama. Akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa, akasema neno ambalo halikuhitaji mashine. Kisha akainua macho mpaka mgongoni kwangu, pale palipokuwa panalia. Kwenye taarifa alizopewa hapakuwa na mtoto mchanga. Akauliza tena, na simu ikasema:

"Na mtoto huyu mdogo, nani wako?"

Mume wangu akanitazama. Nikafungua mbeleko, nikamshusha mtoto, nikamshika mbele yake, ananing'iniza miguu na kudondosha maji. Sikusema lolote. Mjue tu ilinigharimu.

"Huyu," akasema. Akasita. "Huyu ni mwanangu."

Sauti ilikuwa ndogo mno, na mtoto alikuwa analia. Mashine ikasema, "Sijasikia. Tafadhali sema tena."

"Ni mwanangu."

"Sijasikia. Tafadhali sema tena."

Akasimama. "Huyu ni mwanangu!" akapaza sauti, mishipa ya shingo imemtoka. "Mwanangu! Mwanangu mimi!"

Nyumba nzima ilisikia. Mtu alifungua mlango huko ghorofani. Mtoto akakatisha kilio katikati, akamtazama baba yake mdomo wazi, maana tangu azaliwe sauti ya juu hakuwahi kuisikia kwake. Redio akamvuta baba yake suruali.

"Baba, shii! Utamkasirisha Mzee!"

"Si Mzee huyu," akasema, bado anahema. "Huyu ni mdogo wako." Na akamwita mtoto kwa jina lake, lote, kama lilivyo. Redio akanigeukia, macho yamemtoka.

"Kumbe ana jina?"

Hapo ndipo dereva aliporudi, anasukuma kile kiti kitupu, uso umemlegea kwa aibu ya kutompata mzee. Mwenye nyumba akamwambia jambo kwa sauti ya chini. Akavua kofia. Kisha yule mama akachomoa ufunguo, akafungua chumba, akaniletea begi langu mwenyewe, akaniwekea miguuni.

Nikatoa nepi. Mume wangu akanyoosha mkono.

"Nipe," akasema.

"Unajua kuivalisha?"

"Mimi nafungua kompresa, Mama Redio. Nipe."

Nikampa na mtoto juu yake. Akamlaza kwenye lile blanketi, juu ya kiti cha magurudumu, palepale mapokezi, mbele ya dereva, mwenye nyumba na wageni waliokuwa wameshuka kujua nani anauawa. Ile chafu aliifungua kwa kuivuta, badala ya kuichana pembeni. Nilimwona anavyokosea, nikanyamaza, wacha ajifunze. Ikamgeukia. Kikajaa kiganja kizima, na kinyesi kingine kikaingia mkono wa shati.

Akabaki ameushika mkono hewani, anautazama. Nami namtazama yeye. Nilikuwa nangoja nisikie "Samahani, Mzee," na naapa, angelisema ningerudi uwanja wa ndege kwa miguu.

"We mtoto!" akasema. "Hebu ona! Mbona una mavi hivi? Umekula nini na hata uji unautema?"

Mtoto akacheka. Alicheka kwa tumbo zima, akapiga miguu, akazidi kuharibu blanketi la watu. Redio akaanguka sakafuni kwa kicheko, dereva akageukia ukuta mabega yanamruka. Kiganja cha mume wangu hatimaye kilinyewa, na hakuna aliyekikata. Nilimwonyesha bomba liliko.

Mwenye nyumba, mtu mwema kumbe, alitaka kutuhamishia ghorofani kwenye chumba cha familia. Mashine yake ikasema huko kitanda cha mtoto kipo. Nilishainua begi. Mume wangu akasema hapana, kama hawajali kukiteremsha kitanda, tungependa kubaki chini. Nikafungua mdomo nipinge, nani anataka kulala na kengele na vyuma? Nikaufunga. Kitanda kikateremshwa.

Nilipotoka kufua mbeleko bafuni, nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki maana kumbe kina faida yake, niliwakuta dirishani. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa cha kuegemea, shati kalivua, na mtoto amempakata. Amempakata, nawaambia, kamzungushia mikono yote miwili, na kidevu kipo juu ya kile kichwa kidogo. Nje mlima ulikuwa mweupe toka kileleni hadi katikati. Redio alikuwa amegandisha pua kwenye kioo na kwa mara ya kwanza hakuwa na taarifa ya habari.

"Unaona ile?" mume wangu alikuwa anamnong'oneza mtoto. "Ile nyeupe. Hiyo ni barafu isiyo na umeme. Babu yako alikuwa anataka sana kuiona."

Nilibaki mlangoni na mbeleko yangu inachuruzika maji. Babu yako, alisema.